Somo: Blogu yako mpya ipande Google, hatua kwa hatua

Wadau, habari za majukumu. Malalamiko ninayoyapokea zaidi hapa ni haya: "Nimefungua blogu, nimeandika makala za kutosha, nikitafuta Google siioni." Leo tulimalize. Mfano wangu ni blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji iliyoko Blogger, maana wengi wenu mnaanzia huko. Blogger ni mali ya Google tangu 2003, lakini msidhani inapendelewa kwa sababu hiyo. Wa WordPress, mfumo mwingine wa kutengeneza blogu, nanyi mkae, hatua ni zilezile.

Kwanza jua tatizo lako ni lipi. Roboti ya Google, yaani programu yake ya kusoma tovuti, hufuata linki na kusoma kurasa, kisha kurasa huingizwa kwenye faharasa (orodha ya kurasa ambazo Google inazijua), halafu mtu anapotafuta hupangwa nani awe juu. Blogu isiyoonekana kabisa imekwama kwenye kusomwa au kuingizwa. Blogu iliyoko ukurasa wa sita imeshaingizwa, inashindwa na wenzake. Usihangaike na linki wakati hata kwenye faharasa hujaingia.

Hatua ya 1: Hakikisha hujajifungia mwenyewe

Kwenye Google andika site: ikifuatiwa na anwani ya blogu yako, bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa zako, umo. Isipotokea hata moja, ingia mipangilio ya Blogger, sehemu ya faragha, uone kama umeruhusu blogu ionekane kwenye injini za utafutaji. WordPress ina kisanduku cha kuzizuia, kiko kwenye mipangilio ya usomaji. Mafundi hukitia tiki wakati wa kutengeneza tovuti, wakimaliza wanasahau kuitoa.

Hatua ya 2: Jisajili Search Console

Ni zana ya Google ya kumwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona, na ni bure. Ongeza blogu, thibitisha umiliki, kisha wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zako. Kwa Blogger faili lake ni sitemap.xml. WordPress kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 hulitengeneza yenyewe, linaitwa wp-sitemap.xml. Baada ya hapo bandika anwani ya makala mpya kwenye kisanduku cha ukaguzi na uombe iingizwe. Omba mara moja tu, kurudia hakuharakishi.

Hatua ya 3: Andika kile watu wanachokitafuta

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoteleza.

Nimeona blogu nyingi zikianza na kichwa kama "Umuhimu wa ufugaji wa kuku katika maendeleo ya jamii". Nani anaandika hivyo kwenye simu yake? Mfugaji aliyeamka akakuta vifaranga wamekufa anaandika "vifaranga kufa ghafla". Mwingine anaandika "kuku anaharisha kijani dawa gani". Huyo ndiye msomaji wako, na ana haraka.

Fungua dirisha la faragha kwenye simu, andika "vifaranga" na uache nafasi bila kubonyeza tafuta. Mapendekezo yanayoshuka yanatokana na mambo ambayo watu huyatafuta kweli. Badilisha neno: "chanjo ya kuku", "kuku wa kienyeji". Kisha tafuta moja na ushuke hadi chini ya matokeo, utakuta mengine. Yaandike yote kwenye daftari.

Sasa chagua swali jembamba. "Ufugaji wa kuku" limeshikwa na tovuti kubwa zenye miaka mingi, huliwezi kwa sasa. "Joto la vifaranga wiki ya kwanza" unaliweza. Jibu liwe aya ya kwanza kabisa: wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha shusha kama nyuzi 3 kila wiki. Ndipo ueleze kwa asiye na kipimajoto: wakijibanza chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi joto limezidi, wakitawanyika bandani wakila vizuri hapo pako sawa. Ukurasa kama huo mtu anausoma mpaka mwisho na kumtumia jirani yake.

Tumia pia majina yote ya kitu kimoja. Kuna anayesema mdondo, kuna anayesema kideri, na wengine huandika Newcastle. Yataje yote ndani ya makala kwa lugha ya kawaida, bila kuyarundika.

Na Kiswahili kinakupa nafasi ambayo mwenzako anayeandika Kiingereza hana: maswali mengi ya wakulima, mafundi na wafanyabiashara wetu bado hayajapata ukurasa mmoja ulioyajibu sawasawa. Ukilijibu moja vizuri, huna washindani wengi.

Hatua ya 4: Kichwa na anwani

Maneno ya msomaji yawe mwanzoni mwa kichwa. Anwani ya posti ihariri kabla ya kuchapisha, iwe fupi, mfano joto-la-vifaranga. Ukiibadilisha baadaye, linki za zamani zinakufa. Maelezo mafupi yanayoweza kuonekana chini ya kichwa kwenye matokeo hayapandishi nafasi, lakini yanamshawishi mtu abonyeze. Ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye msimbo (code) wa ukurasa achana nayo, Google walisema wazi mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga kurasa.

Hatua ya 5: Mfikirie mwenye bando dogo

Google husoma toleo la simu la ukurasa wako. Picha ya simu yenye MB 4 ipunguze hadi chini ya KB 200 kabla ya kuipandisha. Ondoa saa, muziki na madoido yanayoelea. Pima kwa PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya ukurasa: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5.

Hatua ya 6: Linki

Makala ya joto iunganishe na ya chanjo, na linki ikae juu ya maneno yenye maana, kama "ratiba ya chanjo ya vifaranga". "Bonyeza hapa" haimwambii kitu msomaji wala roboti. Linki kutoka tovuti nyingine zina uzito tangu waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, waanze kazi hii chuoni Stanford, ila za kununua ziepuke. Google wamekuwa wakizisaka kwa miaka mingi. Linki za magrupu ya WhatsApp roboti haizioni, lakini zinaleta wasomaji, na msomaji mwenye tovuti yake anaweza kukutaja.

Kuhusu muda, Google wenyewe husema kazi hii kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi mwaka.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Search Console inaniambia kurasa zangu kadhaa zimezuiwa na robots.txt. Nimeogopa, natumia Blogger.

Jibu: Hilo ni faili linaloiambia roboti kurasa zipi isizisome. Angalia anwani za kurasa zilizozuiwa. Zikiwa na /search ndani yake, hizo ni kurasa za lebo, na Blogger huzizuia kwa kawaida. Ziache. Ikiwa ni makala yenyewe, nitumie anwani nikague.

Swali: Mimi nachukua habari za magazeti nabadilisha maneno kidogo. Zinaingia Google ila hazipandi.

Jibu: Dada yangu, hazitapanda. Gazeti limeshaiandika na linaaminika kuliko wewe. Tena ni jasho la mtu. Andika unachokijua wewe, hata kama ni makala moja kwa wiki.

Swali: Ninunue domeni ya .co.tz au .com?

Jibu: Kupanda hakutokani na domeni. Ya .co.tz inaiambia Google kwamba unalenga Tanzania. Ukitaka na wasomaji wa Kenya na Kongo, chukua .com. Ila nunua mapema. Ukiiunganisha Blogger, anwani ya zamani itawaelekeza watu kwenye mpya.

Swali: Kuna jamaa ananiahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki 2, anataka laki na nusu na nywila yangu.

Jibu: Usimpe hata kimoja. Hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, Google wenyewe wanaonya hivyo. Fundi wa kweli utamwongeza Search Console kama mtumiaji mwenye ruhusa ndogo, nywila inabaki kwako.

Swali: Mwalimu, nikiandikiwa makala na akili bandia, Google watanifungia?

Jibu: Kuitumia si kosa. Kinachokatazwa, na kanuni yake ilikazwa Machi 2024, ni kumwaga kurasa nyingi zisizo na faida ili kukamata nafasi. Isitoshe, programu hiyo haijaingia bandani kwako. Weka picha uliyopiga wewe, bei uliyonunulia chanjo na mwezi ulioinunua, na kilichotokea baada ya kuchanja. Andika ya kwanza hivyo, ulete linki hapa tuipitie pamoja.