Osha kokopiti kabla ya kupanda
Kwa mimea ya vyunguni, mimi nachagua kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, kuliko piti ya vinamasini, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu. Piti ikikauka kabisa hukataa maji: unamwagilia, yanapita pembeni na kutokea chini, mizizi inabaki na kiu. Kokopiti hunywa tena upesi. Lakini tafadhali ioshe kwanza! Mara nyingi huja na chumvi za sodiamu na potasiamu. Loweka, chuja, rudia mara mbili tatu. Kisha weka mbolea yenye kalsiamu na magnesiamu, maana kokopiti huyashika madini hayo na kuunyima mmea. Ukiamua kubaki na piti, changanya chokaa, kwani ina asidi nyingi: pH yake (kipimo cha asidi) huwa karibu 4.