Somo: Ijue zoni yako kabla kimbunga hakijaja (kwa tunaoishi Tampa Bay, Florida)

Habari zenu ndugu. Msimu wa vimbunga huku unaanza 1 Juni mpaka 30 Novemba na Septemba ndo pagumu zaidi, naandika mapema kwa sababu kuna familia nyingi zimeshukia huku juzijuzi, wengine wametoka kambini moja kwa moja, mtu amepangishwa nyumba na hajawahi kuambiwa iko zoni gani ya kuhama (kaunti imegawa maeneo kwa herufi kuonyesha nani anahamishwa kwanza maji yakija). Kama unatoka bara hujawahi kuona bahari ikihama ikaingia sebuleni, na hata sisi wa pwani kule hatujazoea, vimbunga vinavyofika kwetu ni vya nadra kama Hidaya kilichopiga Mafia Mei 2024.

Shikeni hili kwanza: kinachoua watu wengi ni maji. Upepo unajificha nyumba imara unapita, ila maji ya bahari yakipanda huna pa kujificha, unayakimbia kabla hayajafika.

Hatua ya 1: Tafuta herufi yako, leo

Ingia tovuti ya kaunti yako (Pinellas, Hillsborough, Manatee, zote zinayo), andika anwani, utapewa zoni A mpaka E au utaambiwa hauko kwenye zoni yoyote. A ndo ya chini kabisa na inahamishwa ya kwanza. Andika hiyo herufi kwenye karatasi bandika kwenye friji ili watoto nao waijue. Ukihama nyumba hata mtaa wa pili, angalia upya.

Unaishi kwenye trela (nyumba ya kuhamishika, mobile home)? Basi zoni usihangaike nayo, amri ya kuhama ikitoka hata kama ni zoni A peke yake watu wa trela wote mnatoka, ule ukuta haustahimili upepo.

Hatua ya 2: Panga unakwenda wapi

Hapa ndo watu wanateseka bure. Wanadhani kuhama ni kuendesha mpaka Georgia, wanakaa barabarani I-75 na foleni na petroli imeisha kila kituo. Huhitaji kwenda mbali hivyo, unatakiwa utoke kwenye zoni tu. Rafiki anayekaa zoni E au nje ya zoni kabisa, nyumba ya tofali, kilomita kumi na tano kutoka kwako, inatosha, mradi muwe mmeongea naye sasa hivi na sio siku yenyewe. Sisi tuna jumuiya, tuna kanisa na msikiti, tupangane nani atampokea nani. Ukikosa kabisa kuna shelta (mahali pa kujihifadhi wakati wa dharura), nyingi ni shule, unabeba godoro lako au blanketi na chakula cha watoto kwa sababu pale unapewa nafasi ya sakafu tu.

Na kumbukeni Pinellas ni rasi, kwenda Tampa ni kwa madaraja na upepo ukizidi madaraja yanafungwa. Ukichelewa umebaki.

Hatua ya 3: Begi na makaratasi

Maji galoni 1 kwa mtu kwa siku, weka ya siku 7. Vyakula visivyopikwa, dawa, tochi, pawabenki, keshi kidogo maana umeme ukikatika kadi haifanyi kazi. Makaratasi yote (green card, I-94 yaani karatasi ya kuingia nchini, vyeti vya watoto, kadi ya sosho yaani Social Security, mkataba wa nyumba) tia kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, uwe kwenye begi lako mwenyewe. Piga picha kila chumba, fungua kabati piga, TV piga, siku ya kudai bima hizo picha ndo mdomo wako.

Na bima yenyewe: ya mpangaji ile ya kawaida hailipi mafuriko. Ya mafuriko inanunuliwa peke yake na kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo ukisubiri mpaka kimbunga kionekane kwenye TV umechelewa.

Hatua ya 4: Kikikaribia

Tahadhari (watch) inatolewa kama saa 48 kabla upepo mbaya haujafika, onyo (warning) saa 36. Jaza tenki kwenye tahadhari, usingoje onyo. Gari au skuta ya umeme itoe chini ya nyumba, baada ya kimbunga Helene cha 2024 maji ya chumvi yaliingia kwenye betri zikawaka moto zenyewe.

Ukirudi, waya ukiwa chini au ndani ya maji usiusogelee. Jenereta nje, futi 20 kutoka mlangoni na dirishani, ule moshi unaua familia nzima usingizini.

MASWALI YENU

Swali: Kaka, mkataba wangu umeandika AE, kwa hiyo mimi ni zoni A?

Hapana dada, hiyo AE ni ya ramani ya mafuriko ya FEMA (idara ya maafa ya serikali kuu), ya mambo ya bima. Zoni ya kuhama ni ramani nyingine kabisa, unaweza kuwa AE huku na C kule. Siku ya kukimbia fuata ile ya kaunti.

Swali: Kikiwa kategoria 1, au kinapita mbali, si tunakaa tu?

Kategoria inapima upepo tu, maji haiyapimi. Angalia Helene, 26 Septemba 2024, kilipita mbali huko baharini kikaenda kutua karibu na Perry, zaidi ya kilomita 200 kaskazini kwetu, na bado maji yalipanda huku karibu mita 2, watu wakafia ndani ya nyumba zao. Ile koni (umbo la njia ya kimbunga kwenye ramani ya TV) inaonyesha kitovu kitapita wapi, ubaya wenyewe unafika nje ya koni. Milton nacho kilitua Siesta Key, kusini kwetu, 9 Oktoba mwaka huohuo, bahari huku haikupanda ila mvua ya St. Petersburg ilizidi inchi 18 na paa la uwanja wa Tropicana Field likachanika.

Swali: Nafanya shifti ya usiku nyumba ya wazee, iko zoni A. Nifanyeje?

Muulize meneja wiki hii: wazee wanahamishiwa wapi, wewe unaenda nao au unaachiwa? Wanatakiwa wawe na mpango. Usiache watoto peke yao zoni A eti utawahi kurudi asubuhi, daraja litakuwa limefungwa.

Swali: Shikamoo. Kesi yangu ya asylum (kuomba hifadhi) haijaisha, naogopa shelta.

Marahaba mwanangu. Shelta za Red Cross hawadai makaratasi ya uhamiaji, nenda. Pesa za msaada za FEMA kwa jina lako hupati bado, ila kama una mtoto aliyezaliwa hapa Marekani unaweza kuomba kwa niaba yake.

Swali: Mama yangu anatumia mashine ya oksijeni.

Kuna shelta maalum zenye umeme na manesi, lakini lazima umsajili kaunti mapema, na usafiri wanakuja kumchukua mlangoni. Piga simu kesho asubuhi, ukikwama na Kiingereza niandikie inboksi tupige wote.