Kutoka Kilomita 5 Hadi 21 Baada ya Miaka 40: Wiki 16 kwenye Vilima vya Kigoma

Ukitoka stesheni ya reli kwenda Mwanga unapanda. Ukirudi unashuka, na magoti yanajua. Wengi wanaoanza kukimbia hapa Kigoma wakiwa na miaka arobaini na kitu huishia wiki ya tatu au ya nne kwa sababu hiyo hiyo: wanapanda kila siku, pumzi inakata kila siku, wanaamini hayo ndiyo mazoezi, mpaka asubuhi moja wanashuka kitandani na kisigino hakikanyagiki.

Moyo na mapafu huzoea haraka. Ndani ya wiki chache utaona mlima umepungua ukali. Kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, hazina haraka hiyo. Zinapata damu kidogo, na kadiri umri unavyosogea zinachukua miezi kuimarika. Kwa hiyo pumzi inakwambia "ongeza" wakati kano bado zinasema "ngoja". Ratiba yote hapa chini imepangwa kuzisubiri kano.

Lengo ni kumaliza kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, Moshi, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ukihesabu wiki 16 kurudi nyuma, unaanza mwanzoni mwa Novemba, pamoja na mvua. Sharti moja: uwe tayari unaweza kukimbia nusu saa bila kusimama. Kama bado, tumia Septemba na Oktoba kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 4, mara sita, siku tatu kwa wiki, ukihamisha dakika moja moja kutoka kutembea kwenda kukimbia kila wiki au kila wiki mbili.

Hatua ya 1: Zahanati kabla ya barabara

Pima presha na sukari. Presha ikisoma 140/90 au zaidi katika siku tofauti, ongea na daktari. Mara nyingi atakuruhusu mazoezi mepesi. Ikifika 180/110, hakuna kukimbia mpaka itulizwe. Maumivu ya kifua, kizunguzungu ukijitutumua, au ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana: yaseme yote hata kama hukuulizwa.

Ukitumia atenololi au dawa za jamii yake, mapigo ya moyo hayapandi kawaida, hivyo usijiongoze kwa kuhesabu mapigo. Anayetumia insulini au glibenklamaidi atembee na pipi au sukari mfukoni kila mara, na asikimbie peke yake.

Hatua ya 2: Raba

Za mitumba zinafaa ukijua kuchagua. Kinachozeeka kwanza si soli ya chini, ni sponji ya katikati. Ibonyeze kwa dole gumba ubavuni: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ya mlalo, iache hata kama juu inang'aa. Ikunje: ijikunje sehemu ya vidole, isijikunje katikati kama kitabu. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma; ikiegemea upande mmoja, inabeba mwendo wa mwenye nayo wa kwanza. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Raba mpya huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na ya mtumba hujui imeshakula ngapi, kwa hiyo andika tarehe uliyoinunua.

Hatua ya 3: Jipime kilomita 5

Chagua kipande kwenye barabara ya Mwanga kwenda Ujiji kisicho na kilima kikali. Pima kilomita 2.5 kwa simu yenye GPS (mita za bodaboda nyingi zilishakufa), nenda na urudi palepale ili mteremko ujilipe. Pasha mwili dakika 15, kisha kimbia kwa nguvu utakayoweza kuishikilia hadi mwisho.

Tuseme una miaka 47 na umetumia dakika 32, yaani 6:24 kwa kilomita. Zidisha muda huo kwa 2.09 upate makadirio ya kilomita 10: karibu dakika 67, mwendo wa 6:40. Zidisha kwa 4.6 upate kilomita 21: karibu saa 2 na dakika 27, mwendo wa 7:00. Hayo ni makadirio ya njia tambarare kwa mtu aliyejiandaa, si ahadi.

Namba inayowakera watu ni ya mbio nyepesi: kati ya 7:45 na 8:30 kwa kilomita. Inaonekana ni kujikokota. Ndiyo yenyewe. Kipimo chake ni mazungumzo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatisha kuvuta pumzi. Ukipenda mapigo, chukua 208 utoe umri wako mara 0.7, kwa miaka 47 unapata 175, na mbio nyepesi zibaki chini ya robo tatu yake, yaani yasizidi 33 ukihesabu shingoni kwa sekunde 15. Mlimani, mwendo wa saa hauna maana. Punguza, au tembea, mazungumzo yaendelee.

Hatua ya 4: Wiki ilivyo

Siku nne za kukimbia zinatosha. Ya tano haimpi mtu wa umri huu faida inayolingana na hatari yake.

Jumanne: dakika 40 nyepesi.
Alhamisi: siku ya nguvu, ambayo hubadilika kwa awamu.
Ijumaa au Jumatano: dakika 30 nyepesi, au acha kabisa ukiwa na uchovu.
Jumapili, au Jumamosi kwa wanaowahi ibada: mbio ndefu.

Kati ya siku mbili ngumu ziwepo saa 48. Ukipita miaka 50, saa 72. Mbio ndefu nayo ni siku ngumu, jambo ambalo watu husahau kwa sababu wameikimbia polepole.

Umbali wa mbio ndefu kwa kilomita, wiki ya 1 hadi ya 16: 8, 9, 10, 7, 11, 12, 13, 9, 14, 15, 16, 11, 17, 18, 12, kisha mbio zenyewe. Kila wiki ya nne hadi ya 12 umbali unashuka makusudi. Ukijisikia mzima wiki hiyo, usiijaze. Uzima huo ndio uliokuwa unatafutwa. Wa miaka 55 na kuendelea washushe kila wiki ya tatu. Ukikosa wiki moja, usiilipe: endelea na namba ya wiki uliyoachia.

Alhamisi za wiki ya 1 hadi 4 ni mbio nyepesi tu, na mwishoni mikimbio sita ya sekunde 20 yenye hatua za haraka. Wiki ya 5 hadi 8 ni vilima. Wiki ya 9 hadi 14 ni kilomita moja mara tatu, baadaye mara tano, kwa mwendo wa kilomita 10 (6:40 kwa mfano wetu), ukitembea dakika 2 katikati. Ukishindwa kurudia ya mwisho kwa muda wa ile ya kwanza, ulianza kwa pupa.

Saa za kukimbia zina mtego wake hapa. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi lakini inatumia saa ya Dar es Salaam, hivyo saa 12 kamili asubuhi bado giza. Vaa kitu cheupe au kinachoakisi mwanga, na kimbia upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokujia. Radi ikianza, rudi nyumbani, haina mjadala.

Hatua ya 5: Kupanda, na hasa kushuka

Njia ya kilomita 21 kule Moshi hupanda kwa muda mrefu kuelekea mlimani, kisha hushuka. Mkazi wa Kigoma ana uwanja wa mazoezi wa bure kwa hilo, na miji hii miwili haitofautiani sana kwa mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usihangaike na hadithi za hewa nyepesi.

Kupanda: tafuta kilima cha wastani, si ukuta. Sekunde 45 juu, mara nne, ukirudi kwa kutembea. Ongeza mbili kila wiki hadi nane. Hatua fupi, macho mita kumi mbele, kifua wazi, mikono inasukuma nyuma. Usikimbie kwa vidole tu: kigimbi kikibeba kila kitu, kano ya kisigino ndiyo inayolipa.

Kushuka ndiko kunakoharibu mbio za watu. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki huku ikirefuka, na hiyo ndiyo kazi inayoichana zaidi. Isiyozoea itakuwa imekwisha kilomita ya 15, hata kama pumzi ipo. Dawa ni kuizoesha kidogo kidogo: kuanzia wiki ya 9, baada ya mbio nyepesi ya Jumanne, shuka dakika 1 mara nne kwa hatua fupi za haraka, goti limekunjwa kidogo, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake. Ukisikia "pah, pah" ya nyayo, unajipiga breki. Mapaja yatauma siku mbili baada ya mara ya kwanza, na mara ya tatu hayataumia hivyo. Usishuke kwa kasi kwenye udongo mwekundu uliolowa. Utelezi wake haumjui mwanariadha.

Hatua ya 6: Nguvu, dakika 20 mara mbili kwa wiki

Baada ya miaka 40 misuli hupungua yenyewe usipoibebesha mzigo. Kaa na simama kutoka kwenye kigoda, mara 12, seti tatu, ukikumbatia dumu la lita 10 lenye maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unajua unachobeba. Panda na kushuka kizingiti kirefu kwa mguu mmoja, mara 10 kila upande.

La lazima ni la visigino: simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, panda kwa miguu yote miwili, shuka kwa mmoja ukihesabu hadi tatu, kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu, goti likiwa limenyooka. Kisha rudia likiwa limekunjwa.

Yanayoharibika, na ya kufanya

Kisigino kinachouma hatua za kwanza za asubuhi kisha kinaachia: punguza umbali nusu, acha vilima wiki mbili, na lile zoezi la ukingoni lifanye kila siku. Kigimbi kilichoshtuka ghafla kama kimepigwa jiwe: simama palepale, tembea kurudi, na usikimbie hadi uweze kunyanyuka kwa mguu huo mmoja mara 20 bila maumivu. Uchungu wa nukta moja kwenye mfupa wa muundi, unaoweza kuugusa kwa kidole, ni wa kwenda hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Malaria haikwepeki kwenye orodha ya huku kwetu. Ukiwa na homa, hakuna kukimbia, hata ile "ya kutoa jasho". Maliza dozi, subiri homa iondoke kabisa, wiki ya kwanza tembea tu, ya pili kimbia nusu ya ulichokuwa unakimbia.

Diklofenaki na ibuprofeni kabla ya mbio ndefu ziache. Zikikutana na mwili uliopungukiwa maji zinaumiza figo, na zinakuficha maumivu uliyopaswa kuyasikia.

Chakula na maji

Usiku wa kabla ya mbio ndefu ugali wa muhogo au wali na mgebuka ni sawa, ila mawese yawe kidogo na maharage yasubiri kesho. Tumbo likianza kunguruma kilomita ya tisa hakuna pa kujificha. Asubuhi, saa mbili kabla: ndizi mbili au uji mwepesi wenye sukari. Baada ya mbio, ndani ya saa moja, mayai mawili au dagaa wa kutosha pamoja na wanga.

Jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya kukimbia: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Rudisha sehemu kubwa, si lazima yote njiani. Uzito ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi na chumvi ya damu inashuka, jambo la hatari kuliko kiu. Kwa mbio za zaidi ya saa moja na nusu: maji lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, na limau.

Kwa wanaofunga: Ramadhani ya 2026 na ya 2027 inagusa Februari na Machi, wiki za mwisho za ratiba hii. Kimbia mepesi nusu saa kabla ya futari, mazoezi ya kasi yawe baada yake, na mbio ndefu za 17 na 18 zimalizike kabla mwezi haujaandama. Kilomita 21 juani bila maji si jambo la kujaribu. Ruhusa ya msafiri muulize shehe, si kocha.

Safari na siku yenyewe

Fika Moshi Ijumaa kwa mbio za Jumapili. Njiani shuka kila basi linaposimama, utembee. Miguu iliyokaa siku nzima huvimba. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu. (Mawese nayo yanateleza vizuri, ila doa lake halitoki.) Usivae kitu kipya.

Sehemu ya kupanda, sahau saa na ushike pumzi ya mazungumzo mafupi. Kwa mfano wetu 7:30 hadi 7:50 ni sawa. Tembea sekunde 30 kila meza ya maji. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, kilomita 42 zote ziliamuliwa kwenye hatua za mwisho kabisa. Anayetimua vumbi kwenye kilomita ya pili anajua kitu ambacho Simbu hakijui. Ukifika juu, kunywa, hatua fupi, shuka kama ulivyojizoesha. Kuanzia kilomita ya 16, kama mapaja bado yanakutii, ongeza.

Wiki ya kwanza baada ya hapo tembea. Ya pili na ya tatu mbio nyepesi, bila kilima. Wiki ya tano rudi kwenye kipande kilekile cha barabara ya Ujiji, saa ileile, ujipime tena kilomita 5, na miendo yote uipange upya kwa namba mpya.