SOMO: Kuorodhesha vitu vya kale kabla bunduki hazijalia

Naweka hapa mara moja, maana kila wiki naulizwa: "Vita vikija, tuvifiche wapi vitu vya ukoo?" Kuficha huja mwisho. Kitu kisicho na kumbukumbu kikishaibwa, askari wa mpakani hana cha kukizuilia.

1. Piga picha pande zote na chini. Rula iwemo.

2. Pima kwa milimita, taja malighafi.

3. Alama za pekee. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. "Ngoma ndefu ya kale, mti na ngozi ya kenge" ni engalabi yoyote ile Buganda nzima. Andika hivi: "Vigingi 23 kuzunguka ngozi, cha 24 kimeng'oka, chini ya pengo lake pana ufa wa milimita 140." Kisha upige picha ya karibu ya ufa huo. Msiupake nta wala kuuziba kabla ya picha! Kasoro ndiyo itakayoitambulisha ngoma yenu. Ikikarabatiwa baadaye, piga picha upya.

4. Namba ya orodha juu ya kitu chenyewe. Mti na chuma: pakeni Paraloid B-72 (plastiki angavu ya akriliki) iliyoyeyushwa kwa asetoni, ikauke, andika kwa wino, funika tena. Rangi ya kucha hapana: huwa ya njano, hubanduka na namba yake. Lubugo (nguo ya gome la mti) na vikapu havipakwi kitu. Shonea utepe wa pamba.

5. Nakala tatu zilizochapwa, kila moja wilaya yake. Mahali pa kuficha pasiandikwe humo kabisa.

6. Vidogo vihamishwe kwanza. Baghdad, Aprili 2003, katika vitu takriban 15,000 vilivyoibwa makumbusho, maelfu vilikuwa mihuri midogo ya kuingia mfukoni.

MASWALI

— Kwa kifupi kaka, tufiche wapi?
Soma tena juu. Na ukipapata, usipaandike hapa.

— Picha ziko kwenye grupu la WhatsApp, si zinatosha?
Hazitoshi. Hubanwa, vigingi havihesabiki. Tumeni kama faili.

— Shikamoo mwalimu. Tukichora ngao ya buluu ukutani, wanajeshi wataheshimu?
Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Ngao hiyo ni ya Mkataba wa The Hague wa 1954 wa kulinda mali ya utamaduni vitani, na jengo haliwekewi bila idhini ya mamlaka, yenye tarehe na sahihi, ibandikwe papo hapo. Anzeni kwa kuuliza Makumbusho ya Uganda, Kamwokya. Ngao tatu ni za ulinzi maalumu, msijichoree. Na mwizi haogopi ngao. Orodha iwe tayari kwanza.

— Lubugo letu tunalikunja sandukuni. Ni sawa?
Hapana dada, nyuzi hukatika penye mkunjo. Lizungushie bomba pana lililovikwa pamba safi, ufunike kwa shuka. Nailoni hufungia unyevu, ukungu ukaota. Liinuliwe kutoka sakafuni, mchwa wasilifikie.

— Na sanduku la mti?
Litandike pamba ndani kwanza. Mti hutoa asidi.