Bunju na Mono kwenye Tangi la Nyumbani: Wape Chumvi Yao

Bunju mdogo wa kijani mwenye madoa meusi mara nyingi huuzwa kama samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tangi moja na samaki kama gapi. Mnunuzi humwona amechangamka, akamchukua hadi nyumbani Bamburi au Kizingo, Mombasa, na kumtia kwenye maji ya mfereji. Miezi michache baadaye samaki anasusa chakula, mapezi yamembana, ngozi inatoa ute, na mwenyewe anahangaika kutafuta dawa. Dawa haitamfaa. Kinachomkosa ni chumvi.

Mono, yule samaki bapa wa rangi ya fedha, naye ni hivyo hivyo. Hawa ni samaki wa mlango wa mto na mikoko, ambako maji ya mvua huchanganyika na ya bahari. Samaki akiwa kwenye maji baridi, maji huingia mwilini mwake bila kukoma na chumvi yake huvuja kupitia mashavu. Figo hufanya kazi ya kutoa maji, mashavu ya kuvuta chumvi. Samaki wa horini huimudu kazi hiyo kwa muda, maana maji ya kwao hubadilika kila yanapojaa na kupwa. Kumfunga kwenye maji baridi maisha yake yote ni kumchosha polepole, na ndiyo sababu wengi hudhani samaki wao wamepatwa na ugonjwa.

Mkazi wa Mombasa ana bahati: bahari iko karibu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Sehemu moja yake kwa sehemu tatu za maji baridi hukupa gramu 9 hivi, kiwango kizuri cha kuanzia. Chota upande wa bahari wazi, Nyali au Shanzu, maji yakiwa yamejaa. Usichote ndani ya hori la Tudor, penye maji taka, wala baada ya mvua kubwa za masika. Yachuje kwa kitambaa safi, uyaweke kwenye jerikeni lililofunikwa, mahali penye giza, kwa wiki mbili. Chumvi ya kupikia si badala yake, kwani inakosa magnesiamu, kalisi na madini mengine. Maji ya kisima nayo, hata yakiwa na ladha ya chumvi, yapime kwa haidromita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, kabla ya kuyategemea. Ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa.

Kama samaki tayari wamo kwenye maji baridi, usikurupuke. Kwa tangi la lita 80, kila wiki toa lita 8 na urudishe lita 8 za bahari. Wiki ya tatu utakuwa umefika kwenye gramu 9 hivi. Haraka huua bakteria wa filta wanaosafisha uchafu wa samaki, kisha amonia, sumu itokanayo na uchafu huo, hupanda. Ukishafika, maji ya kubadilishia yawe ya mchanganyiko ule ule.

Hapa lazima uchague: tangi la maji baridi au la chumvi. Mimea mingi ya maji baridi itakufa, na samaki kama tetra hawafai humo. Samaki aitwaye molli huzoea vizuri. Tangi la katikati, la kumridhisha kila mmoja, mimi sishauri. Mono akikua atataka chumvi zaidi, hatimaye ya bahari kamili, na tangi kubwa, kwani hupita sentimita 20. Bunju mpe konokono na kaa wadogo wenye magamba. Meno yake hayaachi kukua.

Joto letu hukausha maji haraka, lakini chumvi haipandi na mvuke. Weka alama kwenye kioo, na maji yakipungua ongeza ya baridi matupu.

Ukichoka na bunju wako, mrudishe dukani. Asili yake ni Asia, hori si mahali pa kumtupa. Akifa, mzike, ana sumu, asipewe paka.