Faili la Access la ofisi linakufa kila mara: itafute kompyuta inayoliua

Habari wakuu. Somo hili ni la wale ambao kaunta, stoo na mhasibu wanatumia faili moja la Access, programu ya Microsoft ya kutunza data, kwenye folda ya pamoja. Asubuhi linafunguka vizuri, mchana Access inagoma na kusema haitambui muundo wa faili. Unalitengeneza, watu wanaendelea na kazi, baada ya siku mbili tatu yale yale.

Kulitengeneza si kazi. Kazi ni kujua nani analiharibu. Access haina seva ya kweli. Ile kompyuta mnayoiita seva inatunza faili tu, na kila mashine inaingia yenyewe kupitia mtandao kusoma na kuandika kurasa za KB 4. Mashine ikikatika katikati ya kuandika, ukurasa unabaki nusu na hakuna wa kuumalizia.

Hatua ya 1: Okoa data. Watu wote watoke. Angalia kama limetoweka lile faili dogo la .laccdb, ambalo Access hulitengeneza kando ya faili kuu kuonyesha nani yumo. Lisipotoweka, ama kuna mtu bado yumo, ama mashine imeganda, ama watumiaji hawana ruhusa ya kufuta kwenye folda hiyo. Ruhusa hiyo wapeni. Kisha nakili faili kuu kwenye diski ya kompyuta yako, na Compact and Repair (zana ya Access ya kubana na kutengeneza faili) uifanyie nakala hiyo, si faili lililo mtandaoni. Ikimaliza, tazama kama limezaliwa jedwali la MSysCompactError; humo utaona kilichoshindikana. Ikigoma kabisa, fungua faili jipya tupu na uingize majedwali moja moja. Litakalokataa ndilo lenye jeraha, na mara nyingi utakuta lina safu ya maandishi marefu.

Hatua ya 2: Gawa faili. Majedwali yabaki kwenye folda ya pamoja. Fomu, ripoti na kwiri (maswali ya kuchuja data) ziwe kwenye faili la pili, la mbele, na kila mtumiaji awe na nakala yake kwenye diski C. Nenda Database Tools, kisha Access Database. Kuna ofisi zinagawa halafu wote wanafungua faili moja la mbele kwa shotikati. Hapo hamjagawa kitu.

Hatua ya 3: Msake muuaji. Weka daftari kaunta: faili limekufa saa ngapi, nani alikuwemo, nini kilitokea. Ukilifungua faili la .laccdb kwa Notepad utaona majina ya kompyuta, ila usimkamate mtu kwa jina hilo tu, maana jina hubaki hata mwenyewe akishatoka.

Washukiwa wa kwanza ni laptopu zilizo kwenye waifai. Mhasibu anafunga kifuniko anakwenda kula, fomu ikiwa wazi. Mpe waya. Kwenye Device Manager, ondoa tiki inayoruhusu Windows kuzima kadi ya mtandao ili kubana umeme.

Mshukiwa wa pili wengi hawamwoni. Umeme wa Dar ukikonyeza sekunde moja tu, seva haizimi kwa sababu ina UPS, lile boksi la betri ya akiba. Lakini fuata waya wa swichi ya mtandao, ile yenye vitaa vya kijani juu ya kabati: umechomekwa moja kwa moja ukutani. Swichi inajizima na kuwaka upya, kompyuta zote ziko hai, ila zimekatwa kutoka kwenye faili kwa wakati mmoja. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa taa za ofisi zimesharudi.

Hatua ya 4: Kama ujumbe unasema faili liko katika hali isiyoeleweka na mtandao ni mzima, angalia toleo la Windows. Tatizo hili lilivuma 2018 baada ya Windows 10 toleo 1803. Kwenye mashine inayotunza faili, fungua rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) kwenye vigezo vya LanmanServer, weka DisableLeasing iwe 1, kisha uiwashe upya.

Na tafadhali, faili la majedwali lisikae kwenye folda ya OneDrive wala Dropbox.

MASWALI

Mkuu, letu limefika GB 1.8. Ukubwa ndio unaliua?
Mko pabaya. Kikomo ni GB 2 kwa faili. Lifanyieni Compact, na kama mmejaza picha za bidhaa ndani, zitoeni mwache njia ya folda tu.

Shikamoo mwalimu. Tawi letu la Mbezi linaingia kwenye faili la Kariakoo kwa VPN, yaani kupitia intaneti. Ni sawa?
Marahaba. Si sawa hata kidogo, VPN hukatika zaidi ya waifai. Ama Mbezi waingie kwa Remote Desktop, yaani waendeshe kompyuta ya Kariakoo wakiwa mbali, faili lifanye kazi huko huko Kariakoo, ama hamisheni majedwali kwenda SQL Server Express, seva ya kweli ya data ya Microsoft, ni ya bure. Fomu zenu zitaendelea kutumika, ingawa baadhi ya kwiri zitahitaji kurekebishwa.

Kaka, bosi hataki kusikia habari ya kununua UPS ya pili.
Hauhitaji ya pili. Swichi ndogo inakula umeme kidogo sana. Ichomeke kwenye UPS ya seva, upande wa betri, maana kuna UPS zenye matundu ya kuzuia umeme unaopanda ghafla tu ambayo umeme ukikatika nayo yanakufa.