Bleomisini kwa uvimbe wa limfu shingoni mwa mtoto

Somo hili ni la timu yenye daktari wa upasuaji wa watoto na mtaalamu wa usingizi. Kisu hapa hupita kando ya neva ya uso, na kipande kikibaki uvimbe hurudi. Ndiyo maana tunaanza na sindano ya bleomisini, dawa ya saratani inayoingizwa ndani ya vifuko vya maji ya uvimbe ili vinywee.

Hatua ya 1. Altrasaundi. Vifuko vya sentimita 2 na zaidi hujibu vizuri. Vidogo vidogo kama sega la nyuki, kidogo tu. Mtoto ana homa au anakoroma akivuta pumzi? Shughulikia hilo kwanza.

Hatua ya 2. Dozi ni uniti 0.5 kwa kilo, isizidi 15 kwa mkupuo. Kichupa cha uniti 15 ndicho kinachoandikwa pia IU (uniti za kimataifa) 15,000. Wengi hukosea hapo. Kiyeyushe kwa mililita 15 za maji ya chumvi ya 0.9%: mtoto wa kilo 8 atapata mililita 4. Mjamzito asiishike dawa hii.

Hatua ya 3. Nusukaputi, kisha kanula (mrija mwembamba wa sindano) ya geji 22. Vuta maji, uyapime. Ikitoka damu nyekundu inayodunda, chomoa, kandamiza, acha. Unapobadilisha bomba la sindano ili uingize dawa, usiitoe kanula: kifuko kikishanywea hukipati tena, na dawa itaishia kwenye nyama. Dawa isizidi ujazo uliovuta.

Hatua ya 4. Kandamiza kwa gozi dakika 5. Plasta usibandike! Kimeng'enya kinachovunja bleomisini ni haba kwenye ngozi, hivyo dawa hukaa humo. Plasta ikibanduliwa, au mtoto akijikuna, hubaki michirizi myeusi ya miezi mingi.

Maswali

Siku ya pili uvimbe umezidi. Dawa imekataa?
Hapana, ngozi na nyama zimechokozeka. Hupungua baada ya siku 3 hivi. Kinachotisha ni njia ya hewa, kwa hiyo wa shingoni alale wodini. Pima matokeo wiki ya 4 hadi 6.

Dokta, turudie mara ngapi?
Jumlisha dozi kwenye kadi. Sisi hatuvuki uniti 5 kwa kilo kwa jumla, kwa kuogopa makovu ya mapafu. Andika jina la dawa kwa kalamu nyekundu, ili atakayempa usingizi siku nyingine asimmiminie oksijeni kupita kiasi, maana nayo huweza kuyaumiza mapafu hayo.

Na alama nyekundu inayokua kwa mtoto wa miezi 2?
Hiyo huenda ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Tangu ripoti ya madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, ya 2008, ikihitaji tiba huanzwa na propranololi (dawa ya moyo na presha) ya kunywa. Weka sindano pembeni.